Faili yako iko Banjul, ufunguo uko kwa nani?

Unaijua vizuri ile "njoo kesho". Umeisikia kwa chifu, umeisikia ukifuatilia kitambulisho, umeisikia ukitafutia mdogo wako basari. Karani anakwambia faili iko kwa mkubwa, mkubwa yuko mkutanoni, nawe unarudi mtaani nauli imeisha na hujui kama barua yako ilisomwa ama ilifungiwa maandazi.

Sasa ichukue hiyo "njoo kesho", uipandishe ndege hadi Banjul, mji mkuu wa Gambia, kisha uivute iwe miaka 6. Hivyo ndivyo jamii ndogo za Kenya zimekuwa zikisubiri haki kutoka kwa taasisi za kimataifa. Na ajabu ni kwamba zilipofika mwisho wa foleni, zilishinda. Waendorois wa Bogoria walishinda. Waogiek wa Msitu wa Mau walishinda. Wanubi wa Kibera walishinda, tena mara 2.

Kama walishinda, mbona bado kuna watu wanasubiri? Ukiuliza mtaani utaambiwa serikali ni jeuri, na jibu hilo lina ukweli wake. Lakini kuna kipande cha pili cha jibu ambacho hatukizungumzii sana. Safari ya lalamiko, kutoka siku linapopelekwa hadi siku uamuzi unapofaa kutekelezwa, imejaa vyumba vya giza. Na mara nyingi anayeshika swichi ya taa ni serikali inayoshtakiwa, si jamii inayolalamika.

Mimi si wakili, na chuo nilikiacha kabla ya kuvaa joho. Lakini maamuzi haya yako mtandaoni, na ukiwa na bando na subira kidogo unaweza kuyasoma mwenyewe. Twende nayo pole pole.

Bogoria: ushindi uliokaa kabatini

Mwaka wa 1973 serikali ilitangaza ardhi inayozunguka Ziwa Bogoria kuwa hifadhi ya wanyamapori. Kwako wewe wa jijini, Bogoria ni picha za heroe na maji yanayochemka kutoka ardhini. Kwa Muendorois ni malisho, ni chumvi ya mifugo, ni mahali pa ibada na walipolala mababu. Familia zilihamishwa. Jamii ikaenda mahakamani humu nchini na kugonga mwamba.

Mnamo 2003, shirika la CEMIRIDE la hapa Kenya pamoja na Minority Rights Group la London yaliwapelekea lalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul. Lilipewa namba 276/2003. Kumbuka hiyo namba, nitaeleza baadaye kwa nini namba ni muhimu.

Uamuzi ulipitishwa Novemba 2009. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa lalamiko likiwasilishwa alikuwa tayari yuko shule ya msingi. Tume ilisema Kenya ilikiuka haki za Waendorois za ardhi, dini, utamaduni, maliasili na maendeleo. Ikapendekeza warudishiwe ardhi ya mababu, wafike ziwani bila kuzuiwa, walipwe fidia, wapate mgao wa pesa zinazotokana na shughuli za pale, na serikali irudi na ripoti ndani ya miezi 3.

Ushindi mkubwa, si ndiyo? Lakini siku uamuzi ulipopitishwa, haukutangazwa. Ulibaki kabatini hadi viongozi wa nchi za Umoja wa Afrika walipokutana Addis Ababa Januari 2010 na kuipitisha ripoti ya shughuli za Tume. Hapo tu ndipo dunia ikaruhusiwa kujua kwamba wazee wa Bogoria walikuwa na haki muda wote huo.

Kilichoufungia uamuzi kabatini ni Kifungu cha 59 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, mkataba ambao Kenya iliuridhia 1992. Ukikisoma utaona kinasema kwamba hatua zote zinazochukuliwa kuhusu malalamiko zitabaki kuwa siri hadi mkutano wa wakuu wa nchi uamue vinginevyo. Na nani anakaa kwenye hicho kikao cha AU? Serikali zile zile, ikiwemo ile iliyoshtakiwa. Fikiria ligi ambapo baada ya mechi, wenye klabu wanaketi kwanza kukubaliana kama matokeo yatangazwe, na aliyefungwa 5 bila naye ana kiti mezani.

Kwa Waendorois kusubiri huko kulikuwa kwa miezi michache. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na ile miaka 6, na katika miaka hiyo Tume hujadili malalamiko faraghani. Ukiwa mama wa Bogoria unayetaka kujua kesi imefika wapi, serikali imejibu nini, nani anachelewesha, hakuna mahali pa kuchungulia. Unategemea simu ya wakili, naye wakili anategemea barua ya ofisi.

Halafu ikatokea kioja. Juni 2011, UNESCO iliorodhesha Ziwa Bogoria kuwa sehemu ya Turathi ya Dunia, pamoja na Nakuru na Elementaita. Ziwa lile lile! Taasisi moja ya kimataifa imetoka juzi kusema ardhi hii ni ya Waendorois, nyingine inakaa Paris na kuipa ardhi hiyo hadhi mpya kwa ombi la serikali, na wenyewe hawakushirikishwa. Novemba mwaka huo Tume ya Afrika ililazimika kupitisha azimio la kulalamikia jambo hilo. Kumbe hata wakubwa wanaweza kupitana kwenye korido bila kuulizana habari.

Ilipofika 2013 Tume iliandaa mkutano Banjul wa kujadili utekelezaji. Serikali ya Kenya haikufika. Septemba 2014 serikali iliunda jopokazi na kulipa mwaka mmoja. Mwaka uliisha, ardhi haikurudi.

Mau: taa zilipowashwa

Sasa linganisha na Waogiek. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 waondoke Msitu wa Mau. Mwezi uliofuata lalamiko likafika Banjul, na Tume ikaiandikia serikali ikiitaka isimamishe uhamisho huo. Serikali haikujibu. Tume ilisubiri, na Julai 2012 ikachukua faili na kuipeleka Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Hapo simama kidogo. Arusha ni pale tu. Unapanda shatoo asubuhi Nairobi, unagonga muhuri Namanga, na mchana uko mjini. Basi kwa nini faili ya Muogiek wa Narok ilizunguka hadi Afrika Magharibi ndipo irudi Arusha? Kwa sababu Kenya iliridhia itifaki ya kuunda mahakama hiyo lakini haijatoa tamko la kuruhusu raia na mashirika yake kuishtaki pale moja kwa moja. Mlango upo, ni jirani, lakini ufunguo uko kwa mshtakiwa. Lazima kwanza upite Banjul, na uombe Tume ikubebee kesi.

Lakini kesi ilipofika Arusha, mambo yakabadilika. Mahakama husikiliza kesi hadharani na kuchapisha hukumu zake. Kesi ya Waogiek, namba 006/2012, ilisikilizwa mbele ya watu Novemba 2014, mawakili wa serikali wakasimama na kueleza msimamo wao huku kila mtu akisikia. Hukumu ikasomwa tarehe 26 Mei 2017: Kenya ilikuwa imekiuka haki zao, na hoja kwamba Waogiek ndio wanaoharibu msitu haikukubaliwa. Tarehe 23 Juni 2022 ikasomwa hukumu ya fidia: Sh57,850,000 kwa hasara ya mali na Sh100,000,000 kwa madhara mengine waliyopata, ardhi ipimwe na wapewe hati miliki ya jamii ndani ya miaka 2.

Kuna agizo jingine kwenye hukumu hiyo ambalo magazeti mengi yalilipita haraka. Mahakama iliiamuru serikali ichapishe muhtasari wa hukumu kwenye gazeti rasmi la serikali na kwenye gazeti linalosomwa nchini kote, na iweke hukumu kamili kwenye tovuti ya serikali. Yaani kwa majaji, kutangaza ukweli ni sehemu ya fidia yenyewe. Ukimnyima mtu haki kwa miaka halafu ukamlipa kimya kimya gizani, bado hujamaliza deni.

Je, taa zilitosha? La, tusidanganyane. Novemba 2023, katikati ya ile miaka 2, nyumba za Waogiek zilibomolewa Sasimwani, kaunti ya Narok. Juni 2024 ilipita bila hati miliki. Na lile jopokazi lililoundwa Novemba 2017 kushughulikia hukumu ya kwanza? Liliandika ripoti, lakini haikutolewa hadharani. Unaona mchezo ulivyo. Mahakama ya kimataifa ikifungua dirisha, humu nyumbani mtu anavuta pazia.

Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa. Kwa sababu Arusha iliweka kila kitu wazi, hakuna afisa anayeweza kukuangalia machoni na kusema hakuna deni. Kiasi kinajulikana, tarehe inajulikana, agizo linajulikana. Deni lililoandikwa ukutani ni gumu kulikana kuliko lile la mdomo.

Kibera: uamuzi ulio jirani yako

Kama Baringo na Narok ni mbali kwako, shuka Kibera. Jina lenyewe ni la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Wanubi ni wajukuu na vitukuu vya wanajeshi kutoka Sudan walioletwa na Waingereza na kupewa ardhi hiyo kuishi, zamani Nairobi ikiwa bado changa. Kwa miongo mingi, kijana Mnubi aliyefika miaka 18 hakupata kitambulisho kama wewe ulivyopata. Alipelekwa kwanza mbele ya kamati ya kuhojiwa athibitishe kuwa ni Mkenya. Leta cha babu, leta cha nyanya, njoo kesho.

Malalamiko yao yalikuwa 2. La watoto lilipelekwa 2009 kwa Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na uamuzi ukatoka Machi 2011: Kenya iliwabagua watoto wa Kinubi kuhusu uraia na kusajili vizazi. Ulikuwa uamuzi wa kwanza kabisa wa Kamati hiyo. La watu wazima, namba 317/2006, lilikaa Banjul hadi 2015. Miaka 9. Fikiria mvulana wa miaka 18 mwaka ule wa 2006, anayetaka kitambulisho ili apate kazi ya mjengo au afungue laini ya simu. Uamuzi ulipotoka alikuwa na miaka 27, na katika miaka hiyo yote utaratibu haukumpa njia ya kujua faili imesogea wapi.

Mwaka wa 2017 jamii ya Wanubi ilipewa hati miliki ya ekari 288 za Kibera. Ilikuwa siku ya vifijo, na ilistahili. Lakini sasa jiulize: katika wenzako unaoishi nao mtaani, wangapi wamewahi kusikia kuhusu ule uamuzi wa 2011? Uamuzi ambao waliotajwa ndani yake hawajausoma ni kama barua iliyopelekwa anwani isiyo sahihi.

Siri hii si ya jana

Usidhani Afrika ndiyo iliyobuni mambo haya. Miaka ya 1920, Ushirika wa Mataifa ule uliotangulia Umoja wa Mataifa ulikuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko ya jamii ndogo za Ulaya. Kamati ya watu 3 iliketi faraghani na kuzungumza na serikali husika, na aliyelalamika hakuwa upande katika kesi. Ilichukua hadi mkutano wa Madrid wa 1929 ndipo ikakubaliwa kwamba mtu ambaye lalamiko lake limekataliwa kupokelewa angalau aambiwe.

Hapa jirani, Tanganyika ikiwa chini ya Uingereza kwa niaba ya Ushirika huo, mwananchi aliyetaka kulalamika Geneva alitakiwa kupitisha barua yake kwa Mwingereza yule yule anayemtawala. Unamshtaki mtu, na yeye ndiye tarishi.

Umoja wa Mataifa ulipokuja, mwaka wa 1970 ulianzisha utaratibu wa malalamiko unaojulikana kwa namba ya azimio lake, 1503, nao ukawa wa siri. Mrithi wake, ulio chini ya Baraza la Haki za Binadamu tangu 2007, bado ni wa siri, ingawa siku hizi mlalamishi huarifiwa lalamiko linapofikia hatua muhimu. Yaani imechukua karibu miaka 100 kusogea kutoka "hatukwambii" hadi "tutakwambia kidogo".

Siri ya nani?

Tuwe wakweli hapa, maana wanaotetea usiri wana hoja. Kuna siri inayookoa maisha. Mama anayelalamika kuhusu maafisa wenye bunduki hafai kusoma jina lake kwenye tovuti kesho yake. Mkataba wa Afrika wenyewe, katika Kifungu cha 56, unamruhusu mlalamishi kuomba jina lake lisitajwe. Hilo ni sawa, na libaki hivyo hivyo.

Lakini angalia nani anachagua. Katika siri ya kwanza, mnyonge ndiye anayeamua kujificha. Katika siri ya Kifungu cha 59, serikali zinaamua umma ujue lini. Hizo si siri za aina moja hata kidogo. Hakuna usalama wa mtu unaohatarishwa na kutangaza kwamba serikali imepewa miezi 3 kujibu na mwezi wa 4 umeingia bila jibu. Kinachohatarishwa ni sura ya serikali tu.

Na inawezekana kufanya tofauti. Wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa, wakiwemo wa haki za watu wa asili na wa masuala ya jamii ndogo, wanaweza kuiandikia serikali barua kuhusu malalamiko wanayoyapokea. Baada ya siku 60 barua huwekwa mtandaoni, pamoja na jibu la serikali kama lipo. Na kama halipo, kimya chenyewe kinaonekana. Njia hii iko wazi hata kwako Mkenya, ingawa Kenya haijaridhia itifaki inayomruhusu raia kupeleka lalamiko lake binafsi kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya UN.

Sasa wewe ufanye nini?

Kwanza, jua namba. Kila lalamiko lina namba yake: 276/2003, 317/2006, 006/2012. Ukiwa na namba unaweza kutafuta uamuzi, kuupakua na kuuliza swali ambalo afisa hawezi kulikwepa kwa kusema hajui unazungumzia kesi gani.

Pili, tumia sheria ya nyumbani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema uandike ombi lako kwa Kiingereza au Kiswahili, nawe ujibiwe ndani ya siku 21. Kiswahili, umeona? Huhitaji Kiingereza cha wakili. Ukinyimwa, nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman. Ripoti ya jopokazi la Waogiek ni karatasi iliyolipiwa na kodi. Unaweza kuiomba. Unaweza kuuliza Kenya iliiambia nini Tume kuhusu Bogoria, na lini.

Tatu, dai lugha. Februari 2022 Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha ya kufanyia kazi ya Umoja wa Afrika. Uamuzi wa Endorois una takriban aya 300 za Kiingereza cha kisheria. Kama Kiswahili ni lugha ya kazi kweli, basi kazi mojawapo iwe kumwezesha mzee wa Bogoria na mama wa Kibera kusoma kilichoamuliwa kuhusu maisha yao.

Nne, dai hilo tamko la Arusha. Ni saini tu. Msiba mmoja wa siasa zetu ni kwamba mwanasiasa akija mtaani tunamuuliza lami na maji, mambo ya haki, lakini hatumuulizi kwa nini Mkenya hawezi kwenda mwenyewe kwenye mahakama iliyo mwendo wa siku moja kwa gari.

Na ukae ukijua sheria ya kupata habari imefungwa wapi. Haki hiyo ni ya raia. Kijana Mnubi ambaye bado anazungushwa kuhusu kitambulisho, hawezi kuthibitisha kwa urahisi kuwa ni raia, kwa hiyo hata barua ya kuuliza kilichoupata ushindi wake inaweza kukwama dirishani. Kwa hiyo kama wewe kadi yako iko mfukoni, barua hiyo unaweza kumwandikia wewe. Ni ukurasa mmoja, na siku 21 zinaanza kuhesabiwa ukiiwasilisha.